Kim Whanki: Mchoraji Aliyeuacha Mtungi

Picha ninayotaka tuanze nayo leo inaitwa 16-IV-70 #166. Ndiyo, hilo ndilo jina: tarehe 16 Aprili 1970, kazi namba 166. Ukilisikia hivi hivi unaweza kudhani ni namba ya jalada la mahakamani. Kumbe ni picha ya rangi za mafuta, kwenda juu sentimita 236 na upana sentimita 172, kiasi kwamba hata mtu mrefu akisimama mbele yake, picha inampita kichwa. Ndani yake hamna mtu, hamna mti, hamna nyumba. Kuna nukta za buluu, safu juu ya safu, kila nukta imezungushiwa kimraba chake, kuanzia ukingo wa juu mpaka wa chini. Basi.

Redio ni chombo kigumu kwa kuzungumzia picha. Hii, kwa bahati, ni kati ya chache ambazo mtangazaji anaweza kuzieleza kwa pumzi moja, kama nilivyofanya sasa hivi. Tatizo ni kwamba ukishamaliza kuieleza, bado hujasema lolote. Kwa nini mtu wa miaka 57, aliyekuwa na jina kubwa kwao, aliyeshika cheo, akae chumbani New York mwezi kwa mwezi akitia nukta?

Aliyezitia ni Kim Whanki. Kim ni jina la ukoo, maana Wakorea hutanguliza ukoo. Whanki ndilo jina lake mwenyewe. Alizaliwa mwaka 1913 katika kisiwa kinachoitwa leo Anjwa, kusini-magharibi mwa rasi ya Korea, katika wilaya ya Sinan ambayo karibu yote ni visiwa. Siku hizi unafika huko kwa gari, kwa sababu mwaka 2019 lilifunguliwa daraja kubwa la Cheonsa linaloviunganisha visiwa vile na upande wa bara. Enzi za utoto wake hapakuwa na njia ila mashua. Familia yao ilikuwa na ardhi na uwezo, na nyumba waliyoishi bado ipo, imehifadhiwa.

Alizaliwa chini ya bendera ya Japani, iliyoinyakua Korea mwaka 1910 na kuishikilia mpaka 1945. Kijana Mkorea aliyetaka kujifunza uchoraji wa mtindo wa Ulaya, kwa kanvasi na rangi za mafuta, njia yake ilipita Tokyo. Kim naye alikwenda, akasoma Chuo Kikuu cha Nihon mpaka 1936, na pembeni akajiunga na karakana ya wachoraji wa mkondo mpya, akiwemo Foujita aliyekwisha kujipatia sifa Paris. Mwaka 1938 akachora picha aliyoiita Rondo. Kuna umbo la piano, kuna miili iliyogeuzwa kuwa mikunjo na mabapa ya rangi, na kila kitu kinazunguka. Leo hiyo huhesabiwa miongoni mwa picha za mwanzo kabisa za sanaa dhahania katika historia ya Korea, na serikali imeisajili kuwa urithi wa taifa. Ninaitaja mapema kwa makusudi. Wapo wanaosimulia habari za mtu huyu kana kwamba alikuwa mchoraji wa vitu vya kwao mpaka Marekani ikamfundisha kuchora kisichoshikika. Hapana. Akiwa na miaka 25 alikuwa ameshafika huko.

Kilichofuata ndicho cha kushangaza, kwa sababu aligeuka akarudi kwenye vitu. Korea ilipokuwa huru, Kim akawa Seoul, akifundisha chuo kikuu na kuunda pamoja na wenzake, akiwemo Yoo Youngkuk, kikundi cha wachoraji waliotaka lugha mpya. Wakati huohuo akashikwa na mapenzi ya mitungi.

Niifafanue mitungi hiyo, maana bila yake habari yote hii haishiki. Enzi ya wafalme wa Joseon, hasa karne za 17 na 18, wafinyanzi wa Korea walitengeneza mitungi mikubwa ya kauri nyeupe isiyo na pambo lolote. Kwa ukubwa wake haikuwezekana kuifinyanga kwa mara moja. Wakawa wanafinyanga mabakuli makubwa mawili, kisha wanayaunganisha mdomo kwa mdomo. Ukiutazama mtungi kwa ubavu unaona pale kiunoni palipounganishwa, na umbo lake si duara la bikari. Limeinama kidogo upande, kama linataka kusema neno. Wakorea huiita mitungi ya mwezi. Kim aliinunua kwa wingi, akaishi nayo, akaichora. Akachora mwezi wenyewe pia, na korongo wakiruka, na kulungu, na milima, na matawi ya mplamu yenye maua, na wanawake waliobeba mitungi kichwani. Miaka kumi na kitu hii ndiyo ilikuwa alama yake. Mkorea wa kawaida, ambaye hakuwa na haja na ubishi wa wachoraji, aliweza kusimama mbele ya picha ya Kim akaona chake.

Katikati ya hayo vikaingia Vita vya Korea, 1950 mpaka 1953. Kim na mkewe walikuwa miongoni mwa umati uliokimbilia Busan, bandari ya kusini. Kutoka kipindi hicho ipo picha ndogo ya mwaka 1951 ya treni ya wakimbizi: watu wamesukumwa ndani ya mabehewa, wamebanana, na vichwa vimejipanga, kila kichwa ni kiduara tu. Siwezi kudai kwamba nukta za New York zilizaliwa ndani ya behewa lile, mwenyewe hakuniambia. Lakini ukiziweka picha hizo mbili kando kando, ile ya 1951 na ile ya 1970, ni vigumu kutoziona zikitazamana.

Nimetaja mkewe, naye hapaswi kupita kama kivuli. Alizaliwa Byun Dong-rim. Mume wake wa kwanza alikuwa Yi Sang, mshairi aliyeivuruga fasihi ya Korea kwa ujasiri wake na kufariki kijana mno, Tokyo, mwaka 1937. Mwaka 1944 akaolewa na Kim, na hapo akabadili jina zima: akachukua ukoo wa mume, na badala ya Dong-rim akachukua Hyang-an, jina la kisanaa alilokuwa akilitumia Kim mwenyewe. Mume akajitafutia jingine, Suhwa. Tangu hapo bibi huyu ni Kim Hyang-an, mwandishi wa insha, na kwa maoni yangu ndiye aliyekuwa na macho ya mbali katika nyumba ile. Wazo la Paris lilipokuja, mwaka 1955, ni yeye aliyetangulia. Akakaa, akajifunza Kifaransa, akaizoea mitaa, na mwaka uliofuata mume akamkuta huko.

Paris walikaa mpaka 1959. Kwa mchoraji wa Asia wa miaka ile Paris ndiyo ilikuwa kilele. Ajabu ni kwamba Kim alipofika kileleni aliendelea kuchora mitungi, mwezi, ndege na milima. Picha zake za Paris ni nzuri, buluu yake imekolea zaidi, mistari imekuwa minene. Lakini ni za mtu aliyesafiri na mizigo yake yote na hakufungua hata mmoja. Wapo wanaosema huo ndio msimamo, hakuyumbishwa na wageni. Mimi naona alikuwa bado ana wasiwasi. Ukiwa mgeni mahali, mtungi wa kwenu ni kitambulisho. Unauonyesha mlangoni, unaruhusiwa kupita.

Akarudi Seoul, akapewa ukuu wa kitivo cha sanaa Chuo Kikuu cha Hongik. Kufikia mwaka 1963 alikuwa na miaka 50 na kila alichoweza kukitaka mchoraji wa nchi yake. Mwaka huo Korea ikashiriki kwa mara ya kwanza maonyesho makubwa ya São Paulo, Brazili, yale yanayofanyika kila baada ya miaka miwili. Kim akaenda, akatunukiwa cheti cha heshima. Tuzo kuu ikaenda kwa Mmarekani, Adolph Gottlieb, mchoraji wa maumbo machache makubwa, mviringo juu, vurugu ya wino chini, nafasi tupu katikati. Kim alizitazama picha zile kwa makini. Kisha badala ya kupanda ndege ya kurudi nyumbani, akapanda ya New York.

Hakurudi tena Korea. Hakuna aliyemfukuza, na kazini walikuwa wakimngoja. Marekani yenyewe wakati huo haikuwa imewafungulia watu wa Asia mlango: kwa sheria iliyokuwepo, Korea nzima ilitengewa nafasi mia moja tu za wahamiaji kwa mwaka, mpaka sheria mpya ya 1965 ilipolibadili hilo na wimbi la wahamiaji wa Kikorea likaanza. Kwa hiyo Kim hakuikuta New York yenye mtaa wa Wakorea wa kumpokea. Ufadhili wa kina Rockefeller ulimsaidia kuanza. Mkewe alimfuata mwaka 1964.

Sasa twende polepole, maana hapa ndipo penye kiini. Kati ya 1964 na 1969 Kim Whanki alianza kutoa vitu ndani ya picha zake. Mtungi ukaondoka. Korongo wakaondoka. Mlima ukabaki kwa muda kama mstari wa upinde, nao ukaondoka. Akajaribu kuigawa kanvasi kwa msalaba, sehemu nne, kila moja na rangi zake. Akajaribu vipande vya karatasi. Mwaka 1967 na 1968 akachora sana juu ya kurasa za gazeti la New York Times, rangi ya mafuta moja kwa moja juu ya habari za dunia. Naamini mfuko ulichangia, kanvasi si bure. Lakini karatasi ya gazeti hunywa mafuta, rangi inabaki bila mng'aro, na mtu aliyekuwa akitafuta namna ya kuifanya rangi izame badala ya kukaa juu lazima aliona kitu pale.

Kufikia 1970 akawa ameipata namna yake. Alichukua kanvasi ya pamba, akaipaka gundi kidogo, akailaza. Rangi ya mafuta akaizimua kwa tapentaini mpaka ikawa nyepesi kabisa. Akatia nukta moja kwa brashi, rangi ikaingia kwenye kitambaa na kutambaa pembeni, kama chai inavyopanda kwenye mkate uliochovywa. Akaizungushia kimraba. Nukta ya pili, kimraba. Ya tatu. Akimaliza safu ikakauka, anarudi juu yake tena kwa rangi nyingine nyepesi, na tena. Kwa hiyo kile kinachoonekana kwa mbali kuwa buluu moja, ukisogea ni buluu kadhaa zilizolaliana, na hakuna nukta mbili zinazofanana, kwa sababu kitambaa hakinywi sawa kila mahali. Mtu aliyekulia kwenye nchi ya wino na karatasi alikuwa ameifanya rangi ya mafuta ya Wazungu iende kama wino. Hilo hakulifanya Seoul wala Paris, alipokuwa amezungukwa na mitungi.

Picha ya kwanza kubwa ya namna hiyo ndiyo ile tuliyoanza nayo. Aliituma Seoul kwenye shindano jipya lililoandaliwa na gazeti la Hankook Ilbo, ikachukua tuzo kuu ya mwaka 1970. Hebu fikiria majaji: mtu wa korongo na mitungi, miaka saba hajaonekana, analeta nukta. Ina jina la pili pia, mshororo wa mwisho wa shairi la rafiki yake, Kim Kwang-seop, linalohusu jioni na nyota moja angani. Sitausoma, mashairi yana wenyewe.

Na kwa sababu ya jina hilo, tafsiri iliyoenea ni kwamba nukta hizo ni kumbukumbu. Kila nukta ni nyota ya juu ya kisiwa, ni uso wa rafiki, ni sauti ya nyumbani. Mwenyewe aliacha shajara nyingi, na ndani yake kweli anafikiria nyumbani huku akitia nukta. Siwezi kulikana. Ila nataka tuwe waangalifu. Tukisikia habari za mhamiaji tunakimbilia neno “ukiwa” haraka sana, kana kwamba mtu aliye ugenini hana kazi nyingine zaidi ya kulia. Kim alikuwa fundi aliyeishi katika mji ambamo wachoraji kama Rothko na yule Gottlieb walikuwa wakifanya kazi, mji ambamo ukubwa wa picha ulikuwa hoja ya kisanaa. Alitaka kushindana. Nukta zile ni hamu ya nyumbani, sawa, lakini ni pia tamaa ya mtu wa makamo asiyekubali kuwa ameshafika. Na tamaa hiyo ndiyo inayonivutia zaidi kuliko machozi. Kuuacha mtungi kulihitaji moyo mgumu, kwa sababu mtungi ndio uliompa chakula.

Mwaka 1971, Aprili tena, akamaliza 05-IV-71 #200. Hii ni kanvasi mbili zilizounganishwa, jumla mraba wa sentimita 254 kwa 254, na sasa nukta haziendi kwa safu zilizonyooka bali zinazunguka, duara ndani ya duara, kila upande na kitovu chake. Wengi huiita Ulimwengu. Namba 200 hiyo inamaanisha kwamba ndani ya mwaka mmoja tu alikuwa ametoka 166. Aprili 1974 alikuwa 331. Namba hizo ni daftari la mahudhurio la mtu anayekwenda kazini kila siku.

Mwili ulilipa. Shingo na mgongo havikuumbwa kwa kuinama hivyo miaka minne mfululizo. Katika picha za mwisho buluu inapungua, yanaingia majivu na weusi, na mistari myeupe iliyonyooka inaanza kuzikata nukta. Julai 1974 alifanyiwa upasuaji wa uti wa mgongo. Baada yake akaanguka hospitalini, akavuja damu kwenye ubongo, na tarehe 25 akafariki. Alikuwa na miaka 61. Amezikwa kaskazini mwa jiji la New York, katika makaburi ya Kensico.

Kuhusu fedha nitasema kifupi. Novemba 2019, kwenye mnada wa Christie's Hong Kong, ile namba 200 iliuzwa kwa zaidi ya dola milioni 100 za Hong Kong, karibu milioni 13 za Marekani, bei ambayo hakuna kazi ya msanii wa Kikorea iliyokuwa imewahi kuifikia mnadani. Magazeti yalijaa. Tangu hapo kila anayemtaja Kim Whanki huanza na bei. Yeye alikuwa amekufa miaka 45, na enzi za uhai wake aliwahi kuchora juu ya gazeti la juzi.

Aliyefanya kazi ya kuhakikisha picha hazitawanyiki ni Hyang-an. Mwaka 1978 alianzisha wakfu kwa jina la mumewe, na mwaka 1992 akafungua Makumbusho ya Whanki mtaa wa Buam, Seoul, kwenye bonde lenye mlima nyuma yake, jengo lililosanifiwa na Mkorea mwingine aliyeishi Marekani, Kyu Sung Woo. Alifariki 2004, akazikwa kando yake kule Kensico. Ukipata bahati ya kupita Seoul nenda huko. Ukizitazama nukta kwenye simu utaona kitambaa cha buluu tu. Namba 166 inataka usimame karibu mpaka kingo zake zitoke nje ya macho yako, ndipo usogee nyuma.

Bado kuna tawi moja la habari hii. Binti mkubwa wa Kim aliolewa na mwanafunzi wa baba yake, Yun Hyong-keun, mtu aliyekuwa ameonja jela na kunusurika kuuawa wakati wa vita. Baba mkwe yuko New York anatia nukta za buluu, mkwe yuko Seoul anafundisha. Mwaka 1973 Yun akakamatwa tena, safari hii baada ya kuhoji namna mwanafunzi mmoja alivyopokelewa shuleni alikofundisha. Alipotoka hakutaka tena rangi za kupendeza. Akachukua mbili tu, buluu nzito na kahawia iliyoungua, akazichanganya mpaka zikakaribia weusi, akaziacha zizame kwenye kitambaa kitupu kwa namna ileile ya baba mkwe, ila kwa michirizi mipana kama milango. Yun aliishi mpaka 2007, na hadi mwisho hakuziacha rangi zile mbili. Anastahili mazungumzo yake peke yake, na majaliwa tutayafanya.